Robert Arthington: mtoaji aliyeishi katika chumba kimoja

Asubuhi pwani ya Baraka, mitumbwi ikirudi na ndagala, mtu akitazama mbele anaiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Tumezoea kuliona ziwa hili kama shamba letu, njia yetu ya kwenda Uvira na Kalemie, na njia ambayo wengi wetu tulipitia kukimbilia Tanzania na kisha kurudi nyumbani. Lakini wachache kati yetu wanajua kwamba fedha za kwanza kubwa za Waprotestanti zilizotolewa kwa ajili ya Ziwa Tanganyika zilitoka kwa mtu mmoja wa mji wa Leeds, Uingereza, ambaye hakuliona ziwa hili hata siku moja.

Mtu huyo aliitwa Robert Arthington. Majirani zake walimwita bahili, na mashirika ya misheni yalimwita rafiki, ingawa mara nyingine yalipopokea barua yake yalishusha pumzi kabla ya kuifungua. Tunasimulia maisha yake kwa sababu katika vikao vya makanisa yetu, toka Nundu hadi Fizi mjini, liko swali ambalo halituachi: fedha iliyotolewa kwa kazi ya Mungu ni ya nani, na nani atatoa hesabu yake kwa nani?

Mtoto wa Leeds

Robert Arthington alizaliwa mwaka 1823 katika jamaa ya Waquaker, wale ambao ndugu zetu wa Abeka wanawajua kwa jina la Marafiki. Baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe, na kilimletea mali nyingi. Baadaye dhamiri ikamshitaki, akakifunga. Kijana Robert alikulia katika nyumba iliyojua kwamba fedha inaweza kuwa nyingi na bado ikamnyima mtu usingizi.

Alipokuwa mtu mzima alijiunga na Wabatisti. Wazazi wake walipofariki, katika miaka ya 1860, alirithi utajiri mkubwa sana. Hakuoa. Aliweka fedha zake katika hisa, hasa za reli, na zikaendelea kuzaa. Alikuwa na nyumba nzuri ya mawe katika mtaa wa Headingley, lakini aliishi katika chumba kimoja tu, akajipikia mwenyewe, na husimuliwa kwamba alivaa koti moja kwa miaka kumi na saba. Husimuliwa pia kwamba mgeni alipokuja jioni, waliongea gizani ili mshumaa usiishe bure.

Watu wa mji walimcheka. Hawakujua kwamba kile alichojinyima kilikuwa kinahesabiwa kwa kusudi. Mnamo 1869 alitoa pauni 1,000 kuwasaidia watu weusi kutoka Marekani, waliotoka utumwani, wapate makao Liberia. Mji wao unaitwa Arthington mpaka leo. Moyo wake wote ulikuwa kwa mataifa ambayo hayajasikia Injili. Alikusanya ramani, akasoma habari za wasafiri, na pale alipoona nafasi tupu aliandika barua na kuambatanisha ahadi ya fedha.

Pauni elfu tano kwa ajili ya Ujiji

David Livingstone alifariki mwaka 1873. Miaka michache baadaye Arthington aliliahidi Shirika la Misheni la London, yaani LMS, pauni 5,000 ili lifungue kazi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Ili tuelewe ukubwa wake, tukumbuke kwamba kibarua wa shambani Uingereza wakati ule hakufikisha pauni 50 kwa mwaka. Fedha hii ilikuwa zaidi ya mshahara wa kibarua huyo kwa miaka mia moja. Mwaka 1876 shirika likakubali.

Hapa ndipo tunapoanza kujifunza. Shirika lilimtuma kwanza mchungaji Roger Price kuchunguza njia toka pwani. Alijaribu ng'ombe wachache kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, safari ikaenda vizuri, akarudi London na habari ya matumaini: magari ya kukokotwa na ng'ombe yanaweza kufanya kazi. Mpango wote ukajengwa juu ya habari hiyo. Msafara wenyewe ulipoondoka mwaka 1877, mbung'o wakawauma ng'ombe, wakafa. Ikabidi mizigo ibebwe na wachukuzi kwa vichwa na mabega. Safari ikachukua zaidi ya mwaka, na Ujiji ilifikiwa tarehe 23 Agosti 1878.

Mchungaji Price hakuwa mwongo. Alieleza alichokiona. Lakini jaribio dogo liliripotiwa kana kwamba ni uhakika mkubwa. Sisi pia tunaijua ripoti ya namna hii. Mfadhili anauliza kama mradi utawezekana, na sisi kwa hamu ya kupata tunajibu ndiyo kabla ya kuhesabu mvua, barabara, vita na bei ya mafuta. Baadaye ng'ombe wanakufa, na tunatafuta pa kujificha.

Waliofika Ujiji hawakujificha. Mchungaji Thomson, aliyekuwa na uzoefu kuliko wenzake, alifariki mwezi mmoja tu baada ya kufika. Arthur Dodgshun alifika Machi 1879 akafariki baada ya wiki moja hivi. Joseph Mullens, katibu wa mambo ya nje wa shirika, aliacha ofisi yake London ili aje kujionea mwenyewe, naye akafariki njiani mwezi Julai 1879 na kuzikwa karibu na Mpwapwa. Habari hizo zote ziliandikwa na kuchapishwa katika gazeti la shirika ili makanisa yaliyotoa shilingi zao yajue. Aliyetoa pauni elfu tano alizisoma, na mjane aliyetoa senti chache alizisoma vilevile.

Tunawaomba wasomaji wetu walitafakari jambo hilo. Ripoti ya fedha zile ilikuwa na makaburi ndani yake. Hakuna aliyeyafuta ili ripoti ipendeze.

Meli mbili

Aliyebaki imara alikuwa Edward Coode Hore, baharia. Alilizunguka ziwa kwa miaka, akapima ghuba na rasi zake, na mwaka 1879 akathibitisha kwamba maji ya Tanganyika yanatoka kwa mto Lukuga, pale ilipo Kalemie leo, kuelekea Kongo. Alileta hesabu ya kazi kwa namna ya baharia: vipimo, tarehe, ramani. Arthington, aliyependa ramani kuliko nguo, alikuwa na furaha.

Mtoaji akaongeza fedha nyingine, pauni 3,000, kwa ajili ya meli ya moshi katika ziwa. Vipande vyake vilipitishwa Ziwa Nyasa, kisha vikabebwa nchi kavu mpaka kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1885 meli hiyo ikashushwa majini. Iliitwa Good News, maana yake Habari Njema.

Upande mwingine wa Kongo, Arthington alifanya hivyo hivyo na Wabatisti. Mwaka 1877 alilipa shirika la BMS pauni 1,000 lianze kazi katika ufalme wa Kongo, na George Grenfell na Thomas Comber wakatumwa. Kisha akatoa pauni 1,000 kwa meli ya mtoni, na zaidi ya hapo akatoa pauni 3,000 ziwekwe akiba ili faida yake itunze meli hiyo. Meli hiyo, Peace, ilianza kazi mwaka 1884, na kwa hiyo Grenfell aliifungua mito mingi ya nchi yetu.

Tazameni hesabu ile: moja ya kununua, tatu za kutunza. Ni wangapi kati yetu wamepewa jenereta, mashine ya kusaga au gari la zahanati, na baada ya miaka miwili kimebaki chuma kilichooza nyuma ya kanisa? Mtoaji alinunua, sisi tukashukuru na kupiga picha, wala hakuna upande uliouliza mafuta na vipuri vitatoka wapi. Katika jambo hili moja la meli ya Peace, bahili wa Headingley aliona mbali kuliko wafadhili wengi wa siku hizi, na kuliko wengi wetu tunaopokea.

Lakini liko jambo jingine. Meli zote mbili zilibebwa na watu. Maelfu ya mizigo ilipanda vilima juu ya mabega ya Waafrika, na wengi wao hatuna majina yao. Jina la aliyetoa fedha lilihifadhiwa kwa uangalifu. Jasho la aliyebeba halikuwa na ukurasa wake katika kitabu cha hesabu.

Sisi tunafanya kosa lile lile katika makanisa yetu wenyewe. Tunapojenga, mama zetu wanabeba mawe na mchanga, vijana wanachoma matofali, wazee wanatoa kiwanja. Kisha ripoti inaandikwa kwa ajili ya mfadhili, na ndani yake kuna dola za mabati na saruji peke yake. Mawe ya akina mama hayapo. Siku ya kufungua kanisa anasifiwa aliye mbali. Baadaye washirika wanapouliza habari za fedha, wanaambiwa si yao, ni ya mfadhili. Hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa. Aliyebeba mawe naye ni mtoaji, na hesabu ni haki yake.

Mtoaji anaposhika usukani

Tusimsifu Arthington kupita kiasi. Alikuwa na kasoro, nayo ilikuwa kubwa.

Alipenda kufungua njia mpya, lakini hakupenda kugharimia kukaa. Aliamini kwamba kurudi kwa Kristo kumekaribia, kwa hiyo mhubiri aende haraka, ahubiri, apite mbele kwa kabila lingine. Kila aliposikia kituo kimeanzishwa, alikuwa tayari na ahadi ya kituo kinachofuata, mbali zaidi. Mashirika yalikuwa na watumishi wagonjwa na nyumba ambazo hazijaezekwa, na barua kutoka Leeds ikawa inauliza lini watasonga. Fedha yake ilikuja na ramani, na juu ya ramani alikuwa amekwisha chora mstari.

Jambo hili lilionekana wazi katika milima ya Mizoram, India. Arthington aliwatuma vijana wawili kwa fedha zake mwenyewe, J. H. Lorrain na F. W. Savidge. Walifika Aizawl Januari 1894. Kwa miaka minne walijifunza lugha ya Wamizo, wakaiandikia alfabeti, wakatafsiri Injili ya Luka, Injili ya Yohana na Matendo ya Mitume. Mbegu ilikuwa ndiyo kwanza imefunikwa udongo. Lakini kwa kanuni ya mtoaji wao, muda ulikuwa umepita, na mwisho wa mwaka 1897 ikabidi waondoke. Ubatizo wa kwanza wa Wamizo ulifanyika 1899, chini ya mtumishi mwingine kutoka Wales, wao wakiwa hawapo. Lorrain na Savidge waliwapenda watu wale, na mwaka 1903 walirudi, safari hii chini ya shirika la BMS, wakakaa.

Leo Wamizo karibu wote ni Wakristo. Mungu alikamilisha kazi ambayo mtoaji hakuwa na subira ya kuingoja. Wakulima wetu wa mihogo wanalijua hili bila kufundishwa: anayefukua kila siku kuangalia kama mche umeota, hatavuna.

Tunasema hivi kwa sababu neno uwajibikaji kwetu limekuwa na mwelekeo mmoja. Kanisa la Fizi linatoa hesabu kwa ofisi ya Bukavu, Bukavu kwa Kinshasa, Kinshasa kwa Ulaya au Marekani. Hesabu hupanda kama moshi. Je, mtoaji naye hutoa hesabu kwa nani? Mradi wa miezi kumi na mbili ukifungwa wakati watoto wamekwisha andikishwa shuleni, nani anajibu mbele ya wazazi? Kama sisi tunapaswa kueleza fedha ilikwenda wapi, anayetoa naye anapaswa kueleza kwa nini aliikata njiani. Viongozi wa LMS na BMS hawakulikubali kila shauri la Arthington. Mara nyingine walimwandikia kwa heshima kwamba nguvu zao hazitoshi. Kuweza kumkatalia mfadhili kwa adabu ni sehemu ya uaminifu. Anayekubali kila sharti ili apate fedha, mwishoni atadanganya ripoti, kwa maana aliahidi asichoweza.

Wasia

Robert Arthington alifariki Oktoba mwaka 1900 huko Teignmouth, kusini mwa Uingereza. Ulipofunguliwa wasia wake, mji wa Leeds ulishangaa. Mzee wa koti moja alikuwa ameacha zaidi ya pauni milioni moja. Sehemu ndogo ilikwenda kwa jamaa zake, na sehemu kubwa kabisa kwa misheni, BMS ikipata zaidi na LMS ikifuata.

Lakini mtu huyu, aliyewadai wengine mpango na vipimo, alikuwa ameuacha wasia wake wenyewe bila kunyooka vizuri. Shauri likaenda mahakamani, na miaka ikapita kabla fedha haijagawanywa. Mtoaji naye anahitaji kuandika mambo yake sawasawa angali hai. Wazee wetu waliotoa viwanja vya makanisa kwa neno la mdomo tu, na leo watoto wao wanavidai, wametuachia somo hilo hilo.

Mashirika yalipoipokea fedha hiyo hayakuichanganya na sanduku la kawaida. Yaliweka mfuko wa pekee kwa jina la Arthington, na hesabu yake ikatolewa pekee yake, kwa sababu ilitolewa kwa kazi mpya na si kwa kuziba mapengo ya zamani. Kishawishi cha kuichanganya hakikuwa kidogo, maana kazi ya kila siku ilikuwa na upungufu. Nasi tunakijua kishawishi hicho. Fedha ya kisima imefika, na mishahara ya walimu ina miezi mitano haijalipwa. Mtu mwema kabisa, asiye mwizi, anasema tuazime kidogo, tutarudisha. Hairudi. Kisima hakichimbwi, na yule mtu mwema anaanza kuandika uongo. Katika vikao tulivyokaa, anguko nyingi za watunza fedha hazikuanza kwa wizi. Zilianza kwa kuazima.

Neno kwetu

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu, na ili mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo hakuona aibu kuhesabiwa, mchungaji wa leo aone aibu ya nini? Kwetu mtu akiuliza hesabu, huambiwa hana imani au anapinga watumishi. Tumeua maswali kwa jina la heshima, kisha tukashangaa washirika kupunguza sadaka.

Twaweza kuanza na yaliyo madogo. Sadaka ihesabiwe na watu watatu, kabla haijatoka kanisani, na wote watie sahihi. Fedha inayotumwa kwa simu iingie katika namba ya kanisa, si ya mchungaji wala ya mke wake. Kila robo ya mwaka hesabu isomwe mbele ya washirika kwa Kiswahili, na kwa Kibembe au Kifuliiru pale inapofaa, si kwa Kifaransa ambacho mama mwenye mawe hakisikii. Msaada wa kazi maalumu ukae katika daftari lake. Na mawe, mchanga, matofali na siku za kazi viandikwe vilevile, viwe na thamani yake katika ripoti, ili yule wa mbali ajue kwamba hakujenga peke yake.

Tuandike pia ng'ombe waliokufa. Mradi uliokwama usemwe umekwama. Wafadhili wengine watakasirika na kuondoka. Wachache watabaki, na hao ndio tutakaofanya nao kazi miaka ishirini.

Arthington aliishi katika chumba kimoja ili watu asiowajua, kwenye ziwa ambalo hakuliona, wasikie habari za Yesu. Makosa yake hayaifuti zawadi hiyo. Yeye amekwisha kutoa hesabu yake kwa Bwana. Yetu bado iko wazi mezani, nusu imeandikwa, na washirika wanangoja isomwe. Bwana atupe mikono safi na moyo usioogopa kuulizwa. Amina.